Kobe wa Ghorofa ya Nne

Mama Kona hakuwa mtu wa kuamini kitu eti kwa sababu kimetoka kwenye boksi jipya. Asubuhi roboti ya kufagia ilipoletwa hotelini, fundi akiibeba mbele yake kwa mikono miwili kama keki ya harusi, wahudumu wote wa usafi walijazana koridoni kuitazama. Wakacheka, wakapiga picha, mmoja akainama kuipa mkono wa salamu. Mama Kona alibaki nyuma yao, mikono kifuani, akiiangalia kwa jicho la pembeni. Kilikuwa kidude cheusi, bapa, cha mviringo, na ubavuni kilikuwa na kibrashi kinachozunguka kama ndevu za mende. Fundi alibonyeza mahali, kikalia, kikaondoka chenyewe hadi ukutani, kikagusa, kikageuka.

"Kinaona hiki?" Mama Kona aliuliza.

"Kinaona vizuri tu, mama. Kinachora ramani ya chumba. Msimamizi akifungua simu yake anajua kimepita wapi, kimekwama wapi, kimemaliza saa ngapi."

"Na sisi je, kinatuona?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, lakini swali hakulijibu, na Mama Kona akaliweka hilo moyoni.

Jina la Mama Kona alipewa na wenzake, na lilimfaa. Chumba kinaweza kufagiwa, kikapigwa deki, kikanukia, lakini yeye hafungi mlango mpaka apitishe kidole kilichoviringishwa kitambaa kibichi kwenye kona zote. Walimtania kwamba siku moja atatafuta kona kwenye sahani. Na watu nao aliwachunguza hivyo hivyo. Ukimwamkia asubuhi aliitikia vizuri, kisha akajiuliza moyoni umemwamkia kwa nini. Marehemu mumewe alikuwa akisema mke wake angekuwa askari, nchi nzima ingelala jela, na yeye mume angekuwa wa kwanza.

Safari hii, hata hivyo, alikuwa na sababu. Meneja aliwakusanya kwenye chumba cha kupigia pasi akawaambia, kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi, kwamba mashine hizo ziko kwenye majaribio. Kila ghorofa ilikuwa na wahudumu wawili. Ghorofa ambayo mashine itafanya kazi vizuri itabaki na mmoja.

"Na yule mwingine?" mtu akauliza.

"Tutaangalia," alisema meneja.

Kila aliyewahi kuajiriwa anajua neno hilo lina maana gani. Maana yake ni kumwaga unga.

Ghorofa ya nne ilikuwa ya Mama Kona na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Mume alipofariki, wifi ndiye aliyemshika mkono akamleta hapo hotelini, akamfundisha kutandika shuka ikanyooka bila kuiona pasi, akamfundisha na kutabasamu kwa mgeni aliyemwaga kahawa kwenye godoro. Mama Kona alikuwa na binti bado yuko chuoni. Wifi alikuwa anaishi na mama yake mzazi, yaani mama mkwe wa Mama Kona, bibi asiyetoka tena kitandani. Kwa hiyo hapakuwa na wa kusema bora mimi nitoke. Kila mmoja alikuwa na mtu nyuma yake.

Kazi walikuwa wakiigawa kama wahudumu wote wa hoteli ile: mmoja wa juu, mmoja wa chini. Wa juu hutandika vitanda, husafisha vioo, huosha bafu. Wa chini huvuta vumbi, hufuta miguu ya meza, hupiga magoti kufagia uvunguni mwa kitanda, mahali ambapo wageni huacha soksi moja na siri zao. Mama Kona alikuwa wa juu, wifi alikuwa wa chini, na haikuwahi kuwa vinginevyo. Sasa chini akapewa roboti, na wifi akawa wa kuiwasha, kuisogezea viti na kumwaga taka zake.

Wahudumu waliipa jina la Kobe. Mama Kona aliiita Mpelelezi. Ikiwa chumbani, hakukaa hata ukingoni mwa kitanda kufunga kamba ya kiatu. Alisema kwa kunong'ona. Siku moja ilipomfuata hadi mlango wa bafu, aliitupia taulo, na siku nyingine, akiwa na wasiwasi kwamba labda meneja anasikiliza upande wa pili, aliiinamia akasema kwa sauti kubwa, "Kwa kweli tunaushukuru sana uongozi!" Kobe akazunguka, akaondoka zake.

Akikwama, Kobe alisimama akaita kwa sauti ya mwanamke mtaratibu kupita kiasi: "Nimekwama. Tafadhali nisaidie." Wageni walifurahi sana kusikia hivyo. Mama Kona alisema mtu anayeomba msaada kwa adabu namna ile lazima ana jambo.

Lakini kilichomnyima raha hasa si Kobe. Ni wifi. Wengine wote, hata waliocheka siku ya kwanza, walikuwa wameanza kuichukia mashine ile kimya kimya, kwa sababu kila mtu alijua imekuja kumtoa mtu. Wifi peke yake aliipenda. Aliifuta vumbi kwa aproni yake. Aliisemesha: "Haya baba, ingia huko, usiogope." Ikiingia uvunguni yeye alisimama ameshika ukuta, akiitazama kwa uso wa mtu anayetazama mwanawe akipewa cheti shuleni.

"Wifi, hicho kidude kinakuja kututoa, na wewe unakibembeleza," Mama Kona alimwambia.

"Kifanye kazi yake, na sisi tufanye yetu. Kimekukosea nini?"

"Hujui kimekuja kwa ajili gani?"

"Najua," wifi alisema, akageuza uso dirishani.

Hapo machale yakamcheza Mama Kona. Mtu anajua mashine itatoa mmoja, na bado anaichekea? Basi ameshaambiwa nani atatoka. Alipoanza kuangalia, akaona mengi. Zamani walikuwa wakipanda ngazi pamoja wakipiga soga. Siku hizi wifi alikimbilia kuleta toroli la mashuka, na mwenye toroli hupanda lifti ya mizigo, na lifti ya mizigo hufunguka mbele ya ofisi ya msimamizi. Huko anapita kufanya nini kila asubuhi? Tena walipokwenda kumjulia hali mama mkwe, watu wote wakaketi mkekani, wifi akavuta kiti. Nyumbani kwake mwenyewe, mbele ya ndugu, anakaa kitini kama mgeni rasmi!

"Ameshaahidiwa cheo," Mama Kona alijiambia njiani akirudi. "Ameanza na mazoezi ya kukaa."

Iliuma. Angeuzwa na mtu mwingine angemtukana, akalala. Lakini huyu ndiye aliyemfuta machozi msibani. Mama Kona alikula chakula cha jioni bila kujua anakula nini, na binti yake alipompigia simu kutoka chuoni akamjibu kwa mkato mpaka mtoto akauliza amekosa nini.

Mtu mwingine angemkabili wifi yake wakayamaliza. Mama Kona hakuwa mtu huyo. Aliamua kwamba Kobe atashindwa kazi kwenye ghorofa ya nne, na akishindwa, hakuna wa kutoka wala wa kupewa cheo. Alimchunguza adui yake kama alivyochunguza kona, akagundua ulaji wake. Kobe alikula vumbi, alikula mchanga, alikula hata punje za mahindi yaliyokaangwa. Alichoshindwa kula ni uzi. Uzi ukiingia ulijisokota kwenye brashi, brashi ikakaza, Kobe akalala.

Na nyuzi hazikuwa shida. Mashuka yaliyochakaa yalipelekwa dobi, chumba cha kufulia kule chini, yakachanwa kuwa matambara, na kila yalipochanwa nyuzi zilibaki rundo. Mama Kona alijaza mfuko wa aproni. Alipotandika kitanda, akiwa peke yake upande wa ukutani, aliteremsha nyuzi mbili tatu uvunguni kwa ncha ya kiatu, akaendelea kupigapiga mto. Baada ya muda ikasikika ile sauti ya adabu: "Nimekwama. Tafadhali nisaidie."

"Masikini, tena?" alisema Mama Kona, na moyoni akashangilia.

Fundi aliitwa mara ya kwanza, ya pili, akaitwa mpaka akachoka. Alikaa koridoni na kimkasi akikata nyuzi kutoka kwenye brashi. "Ghorofa hii ina nini? Wageni wenu wanafuma nguo?" Wifi alisimama karibu naye, mikono imeshikana, akiuliza kama itapona. Aliuliza kwa hofu ya kweli, na Mama Kona alipoiona hofu ile akazidi kuamini aliyokuwa anaamini.

Mwishowe msimamizi, dada mwembamba mwenye viatu vya kugonga, alipanda mwenyewe ghorofa ya nne. Alisema kwenye ghorofa nyingine mashine zinaendelea vizuri, ila hapa pengine zulia ni la zamani mno. Kobe anaondolewa. Warudie mashine ya zamani, lile zee la mkonga linalokokotwa kwa mkono.

"Sawa dada, tutafanyaje, zulia ndiyo limechakaa," Mama Kona alisema, uso umenyooka.

Kobe alipopita mbele ya wifi mikononi mwa fundi, wifi alimgusa mgongoni kidogo.

Kesho yake wakaanza kama zamani, juu na chini. Mama Kona alitandika akiimba. Alimaliza vyumba vya upande mmoja, akageuka, akaona toroli bado liko pale pale kwenye chumba cha mwisho wa korido, na mlango umefungwa. Lile zee la mkonga lilikuwa linanguruma ndani, lakini lilinguruma mahali pamoja, halisogei. Amefunga mlango, amewasha mashine asisikike, anaongea na msimamizi kwenye simu. Sasa nimekukamata, alisema Mama Kona moyoni. Akavua viatu. Akanyata. Akafungua mlango ghafla.

Wifi alikuwa chini. Alikuwa amelala ubavu kando ya kitanda, mkono mmoja uvunguni, shavu limegusa zulia, mguu wa kushoto umenyooka kama si wake. Uso ulikuwa umelowa jasho na machozi, na alipomwona Mama Kona alijaribu kutabasamu, lile tabasamu la kumpa mgeni aliyemwaga kahawa.

"Zima hiyo mashine," alisema. "Usipige kelele, watakuja."

Mama Kona akaizima.

"Nimekwama, wifi," alisema wifi. "Nisaidie."

Kumwinua haikuwa kazi ndogo. Alipomketisha kitandani, juu ya shuka aliyotoka kuinyoosha, Mama Kona aliliona goti. Lilikuwa limevimba hadi soksi imeacha alama. Lilikuwa limefungwa kitambaa, na kitambaa chenyewe kilikuwa kipande cha shuka ya hoteli, iliyochakaa.

"Tangu lini?"

"Zamani. Kabla ya Kobe. Nilikuwa nasema mashine imeziba, mara bomba limepasuka, unakumbuka? Nilikuwa sina jinsi ya kushuka chini. Ngazi siziwezi. Mkekani nikikaa siinuki." Alipangusa uso kwa aproni. "Kobe alipokuja nikasema haya, Mungu kaniona. Yeye anaingia, mimi nasimama. Mwenzangu, nilimpenda yule mdudu!"

"Lakini anatoa mmoja wetu."

"Akiwepo, anatoa mmoja, na huenda nisiwe mimi. Asipokuwepo natoka mimi tu, bila kubahatisha. Na mama pale kitandani nimwambie nini?" Akalishika goti kwa mikono miwili. "Sijui kwa nini alikuwa anakwama kwetu tu. Wenzetu wote kwao anatembea."

Mama Kona aliingiza mkono mfukoni mwa aproni. Nyuzi zilikuwamo bado, laini, zimejikunja pembeni. Alizifumbata mpaka kucha zikamwingia kiganjani. Aibu ilimpanda kutoka miguuni hadi masikioni. Alisema tu, "Kaa hapo. Leo sakafu yangu."

Siku hiyo na iliyofuata alijaribu kuwa wa juu na wa chini. Alitandika, akapiga magoti, akaosha bafu, akarudi kupiga magoti. Lakini korido ya ghorofa ya nne ni ndefu na mtu ni mmoja. Wageni walifika wakakuta vyumba havijawa tayari, wakakaa mapokezi na mabegi yao, wamenuna. Mapokezi wakampigia msimamizi. Msimamizi akatuma ujumbe: kesho atapanda, akae nao siku nzima, aone nani anachelewesha.

Mama Kona hakungoja kesho. Alishuka ngazi hadi ofisini, akasimama mbele ya mlango. Kabla ya kugonga aliinama akalisugua goti lake, goti zima kabisa ambalo halijawahi kumsumbua siku hata moja.

"Karibu, mama. Kuna nini?"

"Nimekuja kusema ukweli, dada," alisema, akaanza kudanganya. "Kobe hana kosa. Zulia halina kosa. Kosa langu. Magoti yangu yamekwisha. Ninapotandika nyuzi za mashuka zinaanguka chini, na mimi siwezi tena kuinama kuziokota. Ndizo zilizokuwa zinamkwamisha. Niliona haya kusema."

Msimamizi aliweka kalamu chini. "Na hizi siku mbili za kuchelewa?"

"Ni mimi."

"Na wifi yako?"

"Wifi yangu? Mzima wa afya yule! Mpe kamba aruke. Mrudishieni Kobe wake muone kazi."

Msimamizi alimtazama kwa muda. Mama Kona, ambaye maisha yake yote alikuwa yeye wa kuwatazama wengine hivyo, alijua sasa ni kitu gani kuchunguzwa kona kwa kona. Aliona binti yake akirudi nyumbani na begi lake la chuo. Hakuyarudisha maneno.

"Unajua unachosema?" msimamizi aliuliza. "Mashine ikifanya kazi pale juu, anabaki mmoja. Na umeshaniambia ni nani asiyeweza."

"Najua, dada."

Siku ile hakupewa jibu, aliambiwa wataangalia. Usiku hakupata usingizi. Asubuhi akaitwa: dobi kuna nafasi ya kukunja mashuka, kazi ya kukaa kitini, huko chini kusiko na dirisha. Akitaka achukue, asipotaka mlango ule pale. Akachukua kabla sentensi haijaisha.

Kobe akarudi ghorofa ya nne, akafanya kazi kwa raha zake. Na wifi, badala ya kufurahi, alinuna. Alimfuata Mama Kona dobi, akasimama mlangoni katikati ya mvuke.

"Kwa hiyo ulikuwa unazungumza na msimamizi nyuma yangu."

"Kidogo tu."

"Umeniona nimeanguka, kesho yake ukashuka ofisini. Ukapewa kazi ya kiti. Mimi nimeachwa na ghorofa nzima na goti hili. Umewaambia nini kuhusu mimi?"

"Sijawaambia chochote kibaya."

"Haya," wifi alisema, na haya ile haikuwa ya kukubali. Aliondoka, na tangu hapo akawa anampita bila kusema, macho mbele. Mama Kona alikunja mashuka. Angeweza kujieleza, lakini akieleza la goti atalazimika kueleza la nyuzi, na la nyuzi lilikuwa halijapata njia ya kupita kooni.

Mchana mmoja wakati wa chakula, Mama Kona alikuwa koridoni huko chini, amebeba taulo hadi kidevuni, anatembea kasi kama kawaida yake. Wifi alikuwa mbele yake anasubiri lifti ya mizigo. Vikasikika vile viatu vya kugonga. Mara Mama Kona akapunguza mwendo. Akaegemea ukuta kwa bega. Akauvuta mguu, akausimamisha, akaukanyaga kwa ncha, kisha akasimama mbele ya tangazo la kuzima moto na kujifanya analisoma, midomo imekazwa.

"Pole, mama. Magoti bado?" msimamizi aliuliza akipita.

"Ndiyo hivyo hivyo, dada. Ya kuzoea."

Viatu vikaenda, mlango ukafungwa. Lifti ikafika, ikafunguka, ikafunga, na wifi hakuingia. Alikuwa anamkodolea macho Mama Kona. Ule mwendo aliujua. Kule kuegemea kwa bega alikubuni yeye mwenyewe. Lile tangazo alilisoma yeye kila asubuhi, mpaka amelijua kwa moyo.

Alimsogelea polepole, mkono ukutani. Akachukua nusu ya zile taulo.

"Magoti yako yameanza lini, wifi?"

"Zamani."

"Zamani ipi? Juzi nimekuona umepanda ngazi na ndoo mbili."

Mama Kona alitazama taulo.

"Wifi, zile nyuzi..." alianza.

"Nimeshajua ni wewe," wifi alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hayafuti, maana mikono imejaa. "Sasa hivi ndiyo nimejua." Akavuta pumzi. "Lakini goti langu bovu ni la kushoto."

"Eh?"

"Wewe unauvuta wa kulia. Kama unaniiga, niige sawasawa, watu wana macho."

Mama Kona akautazama mguu wake, akabadilisha. Wakaelekea kwenye lifti ya mizigo na taulo zao, wote wawili wakichechemea upande wa kushoto.